Usimnyime Mtoto Omena kwa Sababu ya Karatasi

Wacha niseme hii mapema, ndio mwenye kukasirika akasirike mapema. Kipimo cha damu peke yake hakiwezi kukuambia kama mtoto ana aleji ya chakula. Na huku kwetu, kuanzia Kisumu ukifuata ufuo wa ziwa mpaka Homa Bay na Mbita, karatasi ya hicho kipimo inaweza kukupoteza kuliko inavyompoteza mzazi wa London. Ukiichukua vile ilivyo, utamnyima mtoto chakula anachohitaji, na utakuwa umelipa pesa kufanya hivyo.

Najua wengi mnaosoma hapa bado hamna watoto. Lakini mko na wadogo wenu, mko na mtoto wa siste, na kwa familia wewe ndiye "yule wa intaneti". Mtu akipewa karatasi ya maabara na haielewi, anaipiga picha anakutumia WhatsApp: "Hebu angalia hii inasema nini." Kwa hivyo hii stori ni yenu pia.

Biashara yenyewe mmeiona. Tangazo liko na mtoto anacheka, halafu ahadi: leta mtoto, tunatoa damu kidogo tu, tunapima vyakula ishirini, thelathini, pamoja na vumbi na manyoya ya paka, ujue mapema mwili wake unakataa nini. Neno linalouza hapo ni "mapema". Ni mzazi gani atakataa kujua mapema? Shida ni kwamba hiyo habari anayoitafuta, kwa sehemu kubwa, haiko ndani ya ile chupa ya damu.

Tuanze na kinachopimwa. Neno "aleji" lilitungwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto huko Vienna. Kiswahili sanifu kinasema mzio, sawa, lakini hapa mtaani ni aleji na tutaenda nayo hivyo. Miaka kumi na tano baadaye, 1921, madaktari wawili wa Ujerumani walifanya jaribio ambalo mtu wa Dunga atalielewa haraka, maana lilihusu samaki. Heinz Küstner alikuwa hawezi kula samaki aliyepikwa. Akila anawashwa na kuvimba. Mwenzake Carl Prausnitz alikula samaki bila shida. Prausnitz akachukua majimaji ya damu ya Küstner, akajidunga nayo kwenye ngozi yake mwenyewe, halafu kesho yake akadunga dondoo la samaki mahali palepale. Pakavimba. Maana yake, ndani ya damu ya Küstner kulikuwa na kitu kinachobeba aleji, na kitu hicho kingeweza kuhamishwa kwa mtu mwingine. Tafadhali usijaribu nyumbani.

Hicho kitu kilikaa bila jina mpaka 1966 na 1967. Mume na mke kutoka Japani, Kimishige na Teruko Ishizaka, wakifanya kazi Denver, na Waswidi wawili, Johansson na Bennich wa Uppsala, walikigundua kila upande kivyake. Kikaitwa IgE. Ni kingamwili, ndugu ya zile kingamwili zinazopigana na virusi, lakini hii ni chache sana kwenye damu na inapenda kukaa juu ya seli fulani za ngozi, pua, mapafu na tumbo. Seli hizo zimejaa histamini. IgE ikishika kile inachokitambua, seli inamwaga histamini, na hapo ndipo unaona kuvimba midomo, vipele, kutapika, kifua kupiga mluzi.

Kipimo cha damu cha kuuza kilianza miaka ya 1970. Kwa hivyo mtu asikuuzie kama teknolojia ya juzi. Kinavyofanya kazi ni rahisi: unaweka protini ya yai au njugu mahali, unapitisha majimaji ya damu ya mtoto, unaangalia ni IgE kiasi gani imejishikilia. Ikizidi 0.35 kwa vipimo vyao, maabara nyingi zinaandika "chanya". Hiyo ndiyo kazi yote ya mashine. Haijui mtoto alikula nini jana. Haijui kama alivimba au alilala usingizi mtamu.

Iangalie hivi. Kuwa na namba ya mtu kwa simu yako haimaanishi mmewahi kukosana. Inaonyesha mnajuana, basi. Damu ikionyesha IgE ya mayai, inaonyesha mwili una namba ya mayai. Kama watapigana wakikutana, hiyo ni stori nyingine, na inajulikana kwa kuangalia wakikutana. Ndio maana madaktari wa aleji wanatofautisha maneno mawili: kuna mtoto ambaye mwili wake umeshatambua kitu, na kuna mtoto mwenye aleji. Wa kwanza ni wengi. Wa pili ni wachache.

Ni wachache kiasi gani? Afrika Kusini walifanya kazi ngumu ambayo karatasi haiwezi. Waliwapima watoto wadogo wa Cape Town na wa vijiji vya Eastern Cape, halafu wale waliotiliwa shaka wakalishwa chakula chenyewe chini ya uangalizi. Mjini walipata aleji ya chakula kwa watoto kama 2.5 kati ya 100. Kijijini, 0.5 kati ya 100. Sasa niambie vipi mtoto mmoja wa Kisumu atatoka maabara na vyakula sita vya kukatazwa kwa siku moja.

Hapa ndipo ziwa linaingia.

IgE haikuwekwa mwilini ili kusumbua watoto na njugu. Wanasayansi wengi wanaona kazi yake ya zamani ni kupigana na minyoo na wadudu wakubwa wanaoingia mwilini. Na sisi, watu wa ziwa, tunajua kichocho. Konokono wako kwenye maji, mtoto anateka maji, anaoga, anacheza, mdudu anapenya ngozi. Kisumu imechangia sana kwa kile dunia inajua juu ya ugonjwa huu. Wale jamaa wanaoosha magari wakiwa wamesimama ndani ya maji ya ziwa walifuatiliwa kwa miaka na watafiti wa KEMRI na CDC. Moja ya tafiti hizo ilichapishwa 2002 kwenye jarida la Lancet. Walikuwa wanatibiwa, wanarudi kazini, wanaambukizwa tena, wanatibiwa tena. Baadhi yao, baada ya kutibiwa mara nyingi, walianza kuwa wagumu kuambukizwa. Na moja ya silaha ambazo watafiti wanazihusisha na ugumu huo ni hiyohiyo IgE.

Kwa hivyo mtoto anayekua karibu na maji, mwenye kichocho au minyoo ya tumbo, anaweza kuwa na IgE nyingi kwenye damu bila kuwa na aleji yoyote. Na kuna mtego mwingine ndani yake. Mayai ya mdudu wa kichocho yamefunikwa na aina fulani za sukari ambazo zinafanana na sukari zilizo kwenye mimea, njugu zikiwemo. Mwili unatengeneza IgE dhidi ya ile sukari ya mdudu. Unapoenda maabara, IgE hiyo inajishika kwenye njugu ya mashine, na karatasi inaandika: njugu, chanya. Mtoto anakula njugu kila siku na haumwi.

Hii sijaitoa kichwani. Ghana walipima watoto wa shule 1,604. Wengi walikuwa na IgE ya njugu kwenye damu, lakini walipochomwa kwenye ngozi na dondoo la njugu, walioitikia walikuwa wachache sana, na watoto hao walikuwa wanakula njugu kawaida. IgE hiyo ilihusiana na kichocho, na ilikuwa inashika hizo sukari. Utafiti ulichapishwa 2013. Ng'ambo ya ziwa letu, kundi la watafiti wa Entebbe limefanya kazi kwenye visiwa vya Koome, Uganda, na wao pia walikuta kingamwili dhidi ya sukari za aina hiyo zikiandamana na kichocho. Hao ni majirani zetu. Ni maji yaleyale, na samaki walewale.

Na kabla mtu hajaruka: "Ahaa, kwa hivyo minyoo inalinda watoto na aleji, tuache kumeza dawa." Hapana, bana. Hao hao wa Koome walilinganisha vijiji vya wavuvi vilivyopewa dawa za minyoo na kichocho mara nyingi na vile vilivyopewa kawaida, kwa miaka mitatu. Dawa nyingi hazikuongeza aleji. Kichocho kinaharibu ini na kumrudisha mtoto nyuma. Dawa zikija shuleni, ameze.

Wacha nitoe mfano wa nyumbani, maana si kila kitu kiko kwa majarida. Mtoto wa siste yangu anaishi Manyatta. Akiwa na miezi kumi na nne, mashavu na mikunjo ya mikono ilikuwa na ukurutu, anajikuna usiku mpaka damu. Siste akaenda maabara moja ya mjini, hakuna daktari aliyemuuliza swali hata moja, damu ikatolewa, akalipa pesa inayokaribia kodi yake ya mwezi. Karatasi ikarudi na alama ya kujumlisha kwa njugu, mayai, maziwa ya ng'ombe, ngano, mahindi na maharagwe. Chini imeandikwa: epuka.

Mathe aliisoma kimya, akavua miwani, akauliza, "Kwani nyathini hajakuwa akila mayai tangu Krismasi? Yalimfanya nini?" Hayakuwa yamemfanya kitu. Lakini karatasi iko na muhuri, na mathe hana muhuri. Kwa hivyo mtoto akatolewa mayai, maziwa, njugu, maharagwe, hata ugali wa mahindi. Na kwa sababu woga unaambukiza, omena pia ikatolewa, na haikuwa hata kwenye orodha. Wiki sita. Ukurutu ulikaa palepale. Kilichopungua ni uzito.

Aliyetatua ni daktari wa watoto ambaye kabla ya kugusa karatasi aliuliza, "Mama, akila yai, nini inatokea? Baada ya dakika ngapi? Mara ngapi?" Majibu yalikuwa hakuna, hakuna, hakuna. Akampa mafuta mazito ya ngozi na krimu ya kutuliza ukurutu, akaeleza namna ya kumwogesha, na vyakula vikarudishwa kimoja kimoja, vya kwanza palepale kliniki wakimwangalia. Alifanya hivyo kwa sababu mtoto mwenye ukurutu akikaa muda mrefu bila chakula alichokuwa amekizoea, mwili wake unaweza kusahau amani iliyokuwepo, na siku chakula kinarudi akaitikia vibaya. Sikia hiyo vizuri. Kumnyima chakula kunaweza kutengeneza ile aleji uliyokuwa unakimbia.

Na hapa najibu wale wanaosema, "Si afadhali kujihadhari tu?" Mimi pia huo msemo naupenda nikiwa navuka barabara Kondele. Kwa chakula cha mtoto, umeshajaribiwa na ukafeli. Mwaka 2000, chama cha madaktari wa watoto Marekani kilishauri watoto walio kwenye hatari ya aleji wasipewe njugu mpaka wafike miaka mitatu. Uingereza walikuwa wameshatoa ushauri unaofanana na huo. Watu wakatii. Aleji ya njugu haikushuka. Ilipofika 2008, Wamarekani wakauondoa ule ushauri.

Wakati huohuo Gideon Lack na wenzake wa London waligundua kitu cha ajabu: watoto wa Kiyahudi waliokuwa wanakulia Uingereza walikuwa na aleji ya njugu karibu mara kumi kuliko watoto wa Kiyahudi wa Israeli. Wale wa Israeli walikuwa wanakula vitafunio vya njugu tangu wakiwa wachanga. Basi wakafanya jaribio, majibu yakatoka 2015. Watoto 640, wa miezi 4 hadi 11, wote wenye ukurutu mkali au aleji ya mayai, yaani wale hasa ambao ungeogopa. Nusu walipewa vyakula vya njugu kila wiki, nusu wakanyimwa. Walipofika miaka mitano, kwa walionyimwa, kama 17 kati ya 100 walikuwa na aleji ya njugu. Kwa waliokula, kama 3 kati ya 100.

Na ndani ya jaribio hilo kuna kipande ninachotaka ukishike. Kulikuwa na watoto ambao mwanzoni ngozi yao tayari iliitikia njugu kidogo walipochomwa. Hao ndio karatasi ingewaandikia "epuka". Miongoni mwao, walionyimwa waliishia na aleji 35 kati ya 100, na waliokula karibu 11 kati ya 100. Walikula wakiwa chini ya uangalizi wa madaktari, sawa, si kienyeji. Lakini unaona? "Epuka" haikuwa upande salama.

Sasa rudi Kisumu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha watoto 18 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano Kenya wamedumaa, wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe na magonjwa. Nenda Kibuye uangalie protini ambayo mzazi wa kawaida anaweza kununua: omena kwa kopo, mayai, njugu, maharagwe, maziwa ya paketi. Karatasi ya maabara inapitia orodha hiyohiyo na kalamu nyekundu. Mtoto wa Stockholm akikatazwa maziwa na mayai, kuna mtaalamu wa lishe na rafu nzima ya mbadala dukani. Hapa akikatazwa, kinachobaki ni uji mwepesi na sukuma. Karatasi moja, gharama tofauti kabisa.

Je, utabiri? Tangu miaka ya 1970 na 1980 watafiti wa Ulaya walikuwa na matumaini kwamba wangepima IgE kwenye damu ya kitovu mtoto anapozaliwa na kujua nani atapata aleji. Haikufika mbali: watoto wengi waliokuja kupata aleji walikuwa na damu ya kitovu ya kawaida. Kuna utabiri kidogo unaoshika baadaye. Mtoto aliyeanza ukurutu mkali mapema, na ambaye damu yake inatambua mayai, yuko kwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kupata aleji nyingine au pumu mbele. Lakini huo ni uwezekano, kama mawingu juu ya ziwa. Unabeba mwavuli, hufungi biashara. Na watoto wengi wenye aleji ya kweli ya maziwa au mayai huiacha wakikua, kwa hivyo hata jibu la kweli lina tarehe ya kuisha.

Nisieleweke vibaya. Aleji ipo, na inaua. Mtoto akila kitu na ndani ya dakika chache hadi saa mbili akavimba midomo, akajaa vipele, akatapika tapika, sauti ikakauka, kifua kikapiga mluzi au akalegea, hiyo si jicho la jirani na si "damu chafu". Usipoteze muda kutafuta wa kumwombea kwanza. Tafuta boda, tuktuk, chochote, mfike hospitali, na useme wazi alikula nini na saa ngapi. Dawa inayookoa hapo ni sindano ya adrenalini kwenye paja. Dawa ya maji ya kuzuia kuwashwa haitoshi.

Na kwa mtoto kama huyo, kipimo cha damu ni rafiki. Ana stori: alikula njugu, akavimba, ikatokea zaidi ya mara moja. Daktari anapima njugu, labda na kitu kimoja au viwili vinavyohusiana, na namba ikiwa juu inatia nguvu kile stori imeshasema. Damu pia ina faida ambayo kipimo cha ngozi hakina: unaweza kuipima hata kama mtoto anameza dawa za kuzuia kuwashwa, na hata kama ngozi yake yote ina ukurutu hakuna pa kuchoma. Bado haikuambii mtoto ataumia kiasi gani. Namba kubwa inaongeza uwezekano wa kuitikia, haipimi ukali. Jibu la mwisho ni kumlisha chakula chenyewe kidogo kidogo hospitalini, adrenalini ikiwa karibu. Kwa hivyo kipimo ni kizuri kikiulizwa swali. Kikitupiwa vyakula thelathini bila swali, kinajibu kelele.

Vitu vingine hata visikuchanganye. Mtoto akiharisha na kujaa gesi akinywa maziwa, inaweza kuwa tumbo linashindwa na sukari ya maziwa, na hiyo haihusu IgE kabisa. Kuna wanaouza kipimo cha IgG ya vyakula, herufi moja tofauti na ukafikiri ni kitu kimoja. Mwili hutengeneza IgG kwa chakula unachokula; wataalamu wa aleji wa Ulaya walishasema 2008 kwamba isitumike kupima aleji ya chakula. Na anayetaka nywele za mtoto ili akuambie aleji zake, huyo mpe nauli arudi.

Kuna jambo moja tunaloweza kufanya nyumbani bila kulipa mtu. Ule unga wa uji wa mtoto unaosagwa na kila kitu, mtama, wimbi, njugu, soya, omena, ni mzuri sana kwa lishe. Lakini mtoto akiuonja mara ya kwanza na kuvimba, utajua ni kipi kati ya vitano? Baada ya miezi sita ya kunyonya, mwanzishie kimoja kimoja. Njugu iliyosagwa laini leo kwenye uji wa mtama alioshauzoea, mpe siku mbili tatu. Halafu yai lililoiva vizuri. Halafu omena iliyosagwa. Usimpe njugu nzima, itamkaba. Na kama ana ukurutu mkali au ameshawahi kuvimba baada ya kula, muone daktari kwanza. Andika kwa simu alikula nini na saa ngapi. Hiyo notsi ya simu ina habari ambayo mashine ya maabara haitakuwa nayo kamwe.

Kwa hivyo mtu akikutumia picha ya karatasi, mjibu na maswali ya yule daktari: akila hicho kitu, nini hutokea, baada ya dakika ngapi, mara ngapi? Kama jibu ni "hakuna, lakini imeandikwa chanya", mwambie asimwondolee mtoto chakula kabla hajaonana na daktari. Kama jibu ni "huvimba", mwambie aende leo.

Na kwa wenye maabara, najua kodi ni kubwa na mashine ni ghali. Lakini kumpima mtoto vyakula thelathini bila daktari kuuliza swali moja, halafu kuandika "epuka" na kugonga muhuri, huko ni kuuza woga. Uzeni kipimo kwa mtoto mwenye stori. Wengine waacheni wale omena yao.